Nani Anailipia Saa ya Fundi?

Tangu mwaka 2019 nimekuwa nikitunza daftari la mahudhurio kwenye saiti za ujenzi hapa Dodoma, kwanza Mtumba wakati majengo ya mwanzo ya Mji wa Serikali yakikamilishwa, kisha Iyumbu, Nzuguni na Ilazo. Kazi yangu rasmi ni ya utawala na utumishi katika kampuni ya ukandarasi ambayo si kubwa, na daftari lenyewe lilikuwa na safu nne tu: jina, anakotoka, anachofanya na malipo ya siku. Kwa muda mrefu nililichukulia kuwa ni kitu cha kulipia watu jioni ya Jumamosi. Nilianza kulisoma kwa jicho jingine siku nilipokuwa nikihamisha majina kutoka daftari la zamani kwenda jipya, nikakuta kwamba kijana mmoja wa kutoka Bahi, niliyemwandika kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 19 kama saidia fundi, nilikuwa namwandika tena baada ya miaka mitatu kwa maneno yale yale, saidia fundi. Hakuwa peke yake. Chini yake yalifuata majina ya vijana wengine wa Bahi, Chamwino, Mpwapwa na Kongwa, wenye afya na bidii, waliofika saa moja asubuhi kila siku ya kazi, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amepanda.

Swali lililonikamata siku hiyo halijaniachia hadi leo. Mtu anawezaje kukaa miaka mitatu mkono mmoja tu kutoka kwa fundi hodari, akimchanganyia udongo na kumsogezea matofali, na bado asijue kujenga?

Jibu lake limo katika namna ukuta unavyojengwa. Ukuta huanzia kwenye kona. Fundi hupandisha kona mbili kwanza, kozi baada ya kozi, yaani safu juu ya safu ya matofali, akizipima wima kwa timazi, kamba yenye kitu kizito mwishoni, na usawa kwa pimamaji, kisha huvuta kamba kutoka kona moja hadi nyingine, na matofali ya katikati hufuata kamba hiyo. Anayejaza katikati anaweza kuwa hajui mengi, kwa sababu kamba inamwongoza. Anayepandisha kona hana kamba ya kumwongoza. Ana macho yake, timazi lake na miaka yake. Kona ikikosewa nusu inchi kwenye kozi za chini, kufikia lenta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, ukuta mzima umelala, na hakuna ripu, yaani plasta, itakayouficha. Ndiyo maana ngazi za uashi zinafahamika kwa kila mtu aliyewahi kukanyaga saiti: mtu huanza na chepe na karai, akaingia kwenye kujaza, akajifunza kupiga ripu, na mwisho akapewa kona. Aliyepewa kona ni fundi. Siku hiyo hakuna cheti kinachotolewa, lakini kesho yake asubuhi anaitwa kwa jina jingine na malipo yake yanakuwa mengine.

Baba yangu alikuwa mwashi. Alijifunza kwa mume wa shangazi yake pale Kikuyu, hapa hapa Dodoma, mwishoni mwa miaka ya sabini, wakati Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo watu wa hapa hawakuwahi kuiita jina jingine zaidi ya CDA, ilipokuwa ikipima viwanja vya mji ambao TANU ilikuwa imeamua mwaka 1973 uwe makao makuu ya nchi. Yeye naye alimfundisha kaka yangu na watoto wawili wa dada yake. Mimi nilimshikia kamba tangu nikiwa darasa la tatu, nikajua kusoma pimamaji nikiwa bado mdogo sana, lakini mwiko wa kujengea sikupewa. Hapakuwa na ubaya wowote moyoni mwake. Katika nyumba yetu haikuwahi kufikiriwa tu kwamba binti angeweza kuishi kwa kujenga. Vibarua wake aliwalipa kwa wakati, aliwauguza walipougua, lakini kona aliwapa watoto wa ukoo. Nilipomuuliza sababu, miaka michache kabla hajafariki, alinijibu bila kusita: "Mwanangu, nikimpa mtu baki kona, siku hiyo ukuta wangu umekwama. Na nikimaliza kumfundisha anakwenda kwa tajiri wangu kuomba kazi yangu kwa bei ya chini."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kichwani kwa sababu yanaeleza jambo ambalo mijadala yetu ya ajira hulipita. Kufundisha kazini kuna gharama, na gharama hiyo hulipwa na fundi mwenyewe kwa muda wake. Kwa kuwa hakuna anayemrudishia, yeye huitoa pale tu ambapo damu inamdai. Kwa hiyo ujuzi husafiri kwa njia ya ujomba na ushangazi. Mwenye mjomba fundi huwa fundi. Asiye naye hubaki na karai.

Jambo hili lilionekana waziwazi mji ulipopanuka. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma, mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji, na mwaka 2019 wizara zikaanza kufanya kazi Mtumba. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo la manispaa. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179 katika jiji. Kila mmoja wa hao alihitaji paa, na ofisi zilihitaji wajenzi, mafundi umeme, mafundi bomba, wachomeleaji na watu wa gipsamu na tailizi. Soko la kazi la namna hiyo lilikuwa halijawahi kuonekana hapa. Lakini nikifungua kurasa za mwaka 2019 na 2020 katika daftari langu, safu ya "anakotoka" inanionyesha mafundi wa Iringa, Mbeya, Moshi, Tanga na Dar es Salaam, waliokuja na watoto wa kaka zao, na chini yao vibarua wa vijiji vya Ugogo ambao ardhi inayojengwa ni ya kwao. Siwalaumu waliokuja, kwa maana walikuja na kazi mikononi na mji uliwahitaji. Ninachosema ni kwamba mji ulijengwa mbele ya macho ya vijana wetu, wengine kwa jasho lao wenyewe, nao wakatoka humo bila mwiko.

Babu yangu mzaa mama aliwahi kutueleza habari za Kongwa, alikofanya kazi ya kung'oa visiki katika ule mpango wa karanga ambao Waingereza waliuanza mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951 baada ya kupoteza mamilioni ya pauni. Sababu za kushindwa kwake ni nyingi: mvua zisizotabirika, ardhi inayogeuka kuwa kama saruji kiangazi, haraka ya wakubwa. Lakini alichokikumbuka yeye ni matrekta. Yalifika mengi kuliko watu waliojua kuyaendesha na kuyatengeneza, yakaharibika na kulala porini. Pesa iliweza kununua mashine na kuzisafirisha hadi katikati ya Tanganyika. Kumfanya mtu kuwa makanika kunahitaji makanika mwingine asimame karibu naye kwa miezi, na jambo hilo halikuwa limepangiwa muda.

Mtu anaweza kudhani kwamba tatizo hili ni la wasio na elimu tu. Mwaka 2021 tulimpokea binti aliyehitimu shahada ya uhandisi ujenzi, mwerevu na mtulivu, akawekwa chini ya fundi mkuu wetu, mzee wa Rungwe mwenye elimu ya darasa la saba na uzoefu wa karibu miaka ishirini. Wiki ya tatu tulimwaga slabu ya ghorofa ya kwanza. Ilikuwa Agosti, na wanaoijua Dodoma wanajua upepo wa Agosti: mkavu, unaovuma kutwa, unaonyonya unyevu hata kwenye midomo ya mtu. Fundi mkuu aliagiza slabu imwagiliwe maji kwa siku tatu, kama alivyozoea kwao ambako hewa ni ya unyevu na mawingu hayaondoki. Binti yule alijua kwamba hazitoshi. Alijua kwamba saruji haikauki kama nguo kwenye kamba. Inashikana kwa kuungana na maji, na maji yakipotea mapema muungano huo husimama kabla haujakamilika, zege likabaki dhaifu juu na kupasuka. Alijua kwamba angalau siku saba zinahitajika, na kwamba katika upepo ule ilifaa slabu ifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa.

Alilijua hilo kwa Kiingereza. Miaka minne chuoni na sita ya sekondari kabla yake, kila kitu kinachohusu zege alikuwa amekisoma, amekiandika na kukifanyia mtihani kwa lugha ambayo hakuna mtu saiti anayeitumia kufanyia kazi. Alikuwa hajui kwamba vile vyuma vinavyozungushiwa nondo za nguzo vinaitwa ringi, wala kwamba sakafu ya chini inaitwa jamvi, na alikuwa na umri wa miaka 24 mbele ya mzee aliyestahili shikamoo yake kila asubuhi. Aliandika karatasi kwa Kiingereza, akaiweka mezani ofisini. Karatasi ilisomwa siku ya tano, wakati slabu ilikuwa tayari imejaa nyufa nyembamba kama nyuzi.

Hasara haikuwa kubwa sana. Iliyokuja baadaye ndiyo iliyonifundisha. Mkurugenzi aliwaita wote wawili, na badala ya kutafuta wa kumkaripia, aliwaagiza watembee pamoja saiti nzima kila asubuhi kwa saa moja, kwa mwezi mzima, na kila mmoja amweleze mwenzake anachokiona. Mimi nilipewa kazi ya kuhakikisha kwamba saa hiyo haivunjwi. Niliwasikia wakizungumza. Mzee alimwonyesha namna ya kujua mchanga wenye udongo kwa kuufikicha kiganjani na kusikiliza unavyolia, namna ya kugonga tofali moja na jingine ili kulitambua lililochomwa jua kabla halijamwagiliwa vya kutosha. Binti alimweleza kwa nini. Kuna siku mzee alisimama, akashika kofia yake mkononi, akasema: "Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa naona matokeo tu." Baada ya mwezi ule aliwahi kuagiza mwenyewe magunia na boza la ziada la maji bila kukumbushwa na mtu, ijapokuwa maji hapa yana bei yake.

Binti huyo aliniambia kwamba akiwa chuoni alikwenda fildi wiki nane katika kampuni moja, na wiki zote hizo alikaa ofisini akipanga mafaili na kutoa nakala, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumpeleka saiti. Msimamizi kutoka chuoni alikuja mara moja, kitabu chake cha kumbukumbu kikasainiwa, alama zikaenda. Nimepokea wanafunzi wa fildi kila mwaka kati ya Julai na Septemba, na nakiri kwamba nasi tumewahi kuwaketisha vivyo hivyo. Hatukuwa na nia mbaya. Mtu wa kuwafundisha alikuwa na kazi yake, na kazi hiyo ilikuwa na tarehe ya kukabidhiwa.

Kwa hiyo ninaposikia kwenye mikutano ya waajiri kwamba wahitimu wetu hawaajiriki, hawana ujuzi unaotakiwa na soko, nashindwa kuitikia kama wengine. Soko lenyewe liko wapi katika kuwafundisha? Hakuna chuo duniani kinachoweza kumtoa mtu aliyekamilika kwa kazi ya saiti fulani, kwa hali ya hewa fulani, kwa watu fulani. Chuo humpa sababu za mambo. Sehemu iliyobaki hukamilika kazini, mbele ya mtu anayejua, na sehemu hiyo sisi waajiri tumetaka tuipokee ikiwa tayari imelipiwa na mwingine.

Matokeo yake yanaonekana kwenye foleni. Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam kwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, waombaji wakazidi 130,000. Katika wingi wa namna hiyo mwajiri hawezi kuona uwezo wa mtu, hivyo hutazama karatasi, na karatasi zinapokuwa nyingi hudai karatasi kubwa zaidi. Mchumi Michael Spence alilieleza jambo hili tangu mwaka 1973, mwaka ule ule Dodoma ilipochaguliwa: cheti hufanya kazi ya ishara kwa mtu asiyeweza kumwona mwombaji kwa undani. Sina ugomvi na ishara. Lakini saiti ina namna nyepesi zaidi ya kumjua mtu, ambayo ni kumpa kamba na mwiko kwa siku mbili, na siku mbili hizo nazo ni muda wa fundi.

Mwishoni mwa mwaka 2022 nilikaa na fundi mmoja tukapiga hesabu ya muda huo. Fundi analipwa kwa tofali. Siku nzuri hujenga matofali 120 kwa shilingi 250 kila moja, yaani shilingi 30,000. Akitoa saa moja ya asubuhi kumfundisha kijana, na kuhesabu pia kubomoa na kurudia yale ambayo kijana ameyakosea, hupoteza kama sehemu moja ya tano ya kazi yake, ambayo ni matofali 24, sawa na shilingi 6,000. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 156,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo ada ya shule ambayo tulikuwa tukimtaka mtu mwenye familia ya kulisha ailipe kutoka mfukoni mwake kwa mtoto asiyemjua, kisha tukashangaa kwa nini hafundishi.

Niliandika hesabu hiyo kwenye ukurasa mmoja, nikaipeleka kwa mkurugenzi, nikaomba tuilipe sisi. Alikubali kwa mafundi watatu na vijana watatu, saiti ya Ilazo, kuanzia Januari 2023, kila siku saa mbili hadi saa tatu asubuhi kabla jua halijakali. Kijana wa Bahi alikuwa mmoja wa hao watatu. Sitaki kueleza kana kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Mwezi wa kwanza fundi mmoja alipokea malipo na kuendelea kumtuma kijana wake maji, ikabidi nisimame hapo kila asubuhi. Mwezi wa tano kijana mwingine, aliyekuwa ameshika ripu vizuri kuliko wenzake wote, aliondoka kwenda Msalato kwenye ujenzi wa uwanja wa ndege, ambako walimpa malipo ambayo sisi tusingeweza kuyafikia. Mkurugenzi aliniuliza kwa upole kama nilikuwa bado naamini.

Nilikuwa naamini, na bado naamini, lakini swali lake lilikuwa la haki. Nilipokuwa nikisoma Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, tulifundishwa hoja ya Gary Becker, mchumi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1992, kwamba ujuzi unaotumika kila mahali humfaa mfanyakazi popote aendapo, na kwa hiyo kampuni moja haina sababu ya kuugharimia peke yake, kwa kuwa mavuno yanaweza kuvunwa na jirani. Baba yangu alikuwa amenieleza jambo hilo hilo kwa maneno machache zaidi. Kijana aliyekwenda Msalato hakupotea; jiji lilipata fundi wa ripu. Aliyepoteza ni kampuni yetu, shilingi laki saba na elfu themanini za miezi mitano. Faida ikiwa ya jiji zima na gharama ikiwa ya mtu mmoja, mtu huyo ataacha, hata awe na moyo mwema namna gani.

Na hapa ndipo ninapotaka wasomaji wangu, hasa wale walioko kwenye ofisi za Mtumba, wanisikilize kwa makini. Nchi yetu imekwisha kulikubali jambo hili kisheria. Waajiri wenye wafanyakazi 10 na kuendelea hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo tangu mwaka 2023 ni asilimia 3.5 ya mishahara yote wanayolipa. Mimi mwenyewe huiandaa kila mwezi. Sehemu ya fedha hiyo huenda VETA, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994 na imefanya kazi kubwa. Sehemu iliyo kubwa zaidi huingia Hazina, na kwa miaka mingi imesaidia pia kugharimia mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Mikopo hiyo ndiyo iliyonisomesha mimi, na siwezi kuisemea vibaya. Lakini katika mzunguko wote huo hakuna hata shilingi moja inayofika kwa fundi mwenye vijana wanne nyuma ya nyumba inayojengwa Nzuguni, ambaye kwa hesabu yoyote ya kweli ni mwalimu. Kwa kuwa hana wafanyakazi 10, halipi tozo. Kwa kuwa hana darasa, halipwi nayo. Ninaomba sehemu ndogo ya tozo hiyo, hata kama ni kwa majaribio katika jiji hili moja, imfikie kwa kipimo kilicho wazi: kijana akipimwa na kuthibitishwa kwamba amefika ngazi fulani, aliyemfundisha alipwe.

Mtu atauliza nani atapima. Wapimaji wapo. VETA inao utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo, na fundi mkuu wetu aliupitia. Walimfuata saiti, wakamtazama akifanya kazi, wakamhoji, wakaona kwamba ana upungufu katika kusoma ramani na katika usalama kazini, akapewa mafunzo mafupi ya kuuziba, kisha akapata cheti chake cha kwanza tangu kile cha darasa la saba. Kabla ya hapo jina lake halikuweza kuandikwa kwenye nyaraka za zabuni, kwa maana zabuni huuliza vyeti vya wataalamu wa kampuni, na mtu aliyesimamisha majengo yenye milango ambayo mawaziri hupita alikuwa hayumo katika orodha ya watu wenye ujuzi. Sasa yumo. Hata hivyo cheti kile kinasema kwamba anajua kujenga. Kwamba amewafundisha watu hakijasema, na hakuna cheti kinachosema hivyo kwa mtu kama yeye.

Najua pia kwamba mambo yanabadilika shuleni. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, sambamba na mkondo wa jumla, na wanafunzi wa kwanza walioingia kidato cha kwanza katika mkondo huo mwaka 2024 wanatarajiwa kufika kidato cha nne mwaka 2027. Nafurahi. Mwalimu Nyerere alitaka jambo la jamaa hiyo hiyo alipotangaza Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, shule iwe mahali pa kazi yenye akili ndani yake. Lakini katika shule niliyosoma mimi miaka ya tisini kujitegemea kulikuwa kumebaki jembe na fagio, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyepewa wajibu na muda wa kutueleza kwa nini tunapanda kwa mstari. Walimu wa ufundi stadi huandaliwa Morogoro, na shule zinazowahitaji sasa zinaongezeka kila mwaka. Shule ya amali iliyopo Chamwino au Bahi ingeweza kumwita fundi wa kijiji kile mara mbili kwa wiki, ikamlipa saa zake, akasimama pamoja na mwalimu kama mzee wetu alivyosimama na yule mhandisi. Wajerumani wamefika mbali kwa kumgawa mwanagenzi kati ya shule na karakana, na VETA imewahi kuendesha uanagenzi pacha wa namna hiyo kwa ushirikiano na chemba ya mafundi ya Hamburg, kwa hiyo si jambo geni kwetu.

Kijana wa Bahi alipewa kona mwezi wa tisa. Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, kona ya nyuma, upande wa jikoni. Alipofika kozi ya sita fundi wake alikuja na timazi, akaliacha litulie, akatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akalikunja bila kusema neno na kurudi kwenye kona yake. Jumamosi ile nilifuta maneno "saidia fundi" mbele ya jina lake na malipo ya siku yakapanda kutoka shilingi 12,000 hadi 28,000. Miezi tisa ya kumfundisha ilikuwa imetugharimu shilingi 1,404,000.

Katika daftari la mwaka huu nimeongeza safu ya tano, baada ya malipo: anafundishwa na nani. Imejazwa mbele ya majina 11 kati ya 43. Jina la kumi na moja ni la binti wa Chamwino aliyekuja mwezi wa pili kuomba kazi ya kuwapikia mafundi, akaonekana kila asubuhi akisimama na ndoo mkononi kutazama kamba inavyovutwa, mpaka nikamuuliza. Anafundishwa na yule kijana wa Bahi, saa mbili hadi saa tatu, na kijana analipwa shilingi 6,000 zake kama wengine.